Mlazo wa Nguzo

Palikuwa na nchi, na yaelekea bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga, bali kwa sababu lilibadilishwa mara tatu katika muda wa habari hizi na haijulikani ni lipi linaloruhusiwa leo. Nchi hiyo ilikuwa na katiba nzuri, iliyojalidiwa kwa ngozi, na ilitawaliwa kwa vimemo.

Kimemo kilikuwa kipande cha karatasi kisichozidi kiganja cha mkono. Kiongozi wa nchi, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Nguzo ya Taifa na ambaye watu wote walimwita Nguzo, aliviandika vimemo hivyo kwa mkono wake mwenyewe na kwa wino wa kijani, popote wazo lilipomjia: mezani, garini, hata mbele ya jeneza la waziri aliyekuwa akizikwa. "Ahamishwe." "Apewe." "Asionekane tena." Hakutia saini, kwa kuwa mwandiko wenyewe ulikuwa saini. Uliinamia kulia kama mtu anayetembea akipingana na upepo, na kila aliyemaliza darasa la nne aliutambua kabla ya kuusoma. Hilo liliokoa muda mwingi, maana mara nyingi aliyeutambua hakuwa tena na haja ya kusoma.

Katika mwaka wa ishirini na moja wa Utulivu, kama utawala wake ulivyoitwa, Waziri wa Maandishi na Mwelekeo, Mheshimiwa Dokta Malangwa, alimwita Sudi Ngaluma ofisini kwake. Sudi alikuwa mchoraji wa herufi katika Kiwanda cha Chapa cha Taifa, mgane wa miaka hamsini na minne asiye na mtoto. Ndugu aliyebaki naye duniani alikuwa mdogo wake mmoja, Twalibu, ambaye Sudi alimlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye sasa alikuwa na mke na kiduka cha kuchapa kadi za harusi.

"Ngaluma," Waziri alisema, "tumegundua aibu. Nguzo anapoandika, maneno yake huinama. Magazeti yakiyachapa, husimama wima. Kwa hiyo kila asubuhi, katika nakala elfu sitini, tunamnyoosha Mkuu wa Nchi."

"Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa."

"Nani katuruhusu?"

Sudi akaagizwa achore herufi za chapa zitakazofanana na mwandiko wa Nguzo, ili tangu siku hiyo maneno yake yasomwe kama yalivyotoka mkononi mwake. Herufi hizo zingeitwa Mlazo wa Nguzo.

*

Alifungiwa miezi mitano katika chumba chenye vimemo mia nne na kumi na viwili na askari mmoja. Askari alikuwa mtu wa maswali.

"Mzee, unatafuta nini humo siku zote hizi?"

"Natafuta k."

"Ya nani?"

"Ya Nguzo. Iliyo nzuri kuliko zote."

Iliyo nzuri kuliko zote aliipata katika kimemo kilichosema "Akamatwe." Herufi g aliichukua katika "Agawiwe shamba la yule," na z, ambayo ilikuwa adimu, katika "Na watoto wazuiwe." Kwa njia hii Sudi aliusoma utawala wote herufi kwa herufi, na kwa kuwa alikuwa fundi, alijizoeza kutazama umbo la neno bila kutazama neno. Askari alisema hata yeye hufanya hivyo kazini.

Mambo mawili yalimsumbua. La kwanza, Nguzo hakuwahi kuandika a mbili zinazofanana. Kila moja ilikuwa na pumzi yake: hii imeandikwa kwa hasira, hii kwa usingizi, hii gari likiruka shimo. Sudi alijua kwamba mafundi waliosubu herufi za mlazo za kwanza kwa madini ya risasi, karne tano zilizopita, katika mji mmoja uliojengwa juu ya maji, nao waliiga mwandiko wa makarani wa siku zile, na nao walilazimika kuchagua a moja na kuziacha nyingine zote zife. Herufi ya chapa, kama walivyokuwa wakifundishana wachoraji wa zamani, ilikuwa mkono wa mtu baada ya mtu mwenyewe kuondolewa. Akachagua a moja tulivu.

La pili lilikuwa h. Nguzo aliandika h ambayo mguu wake wa kulia haukugusa mstari hata mara moja. Ulining'inia hewani kama mguu wa mtu aliyekanyaga mwiba. Katika kimemo kimoja hilo halikudhuru. Katika ukurasa mzima wa kitabu, ungemfanya msomaji ahisi kwamba jengo linatikisika. Sudi akaushusha mguu ule na kuupa kikanyagio kidogo mwishoni, kama zilivyo herufi zote za kale zenye heshima. Hakumwambia mtu. Baadaye alitia saini kiapo: "Naapa kwamba herufi hizi ni mkono wa Nguzo, bila kuongezwa wala kupunguzwa."

*

Kamati ya Kudumu ya Mwinamo, yenye wajumbe kumi na mmoja, ilikutana kuzipokea.

"Zinaelekea wapi?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Kulia, Mheshimiwa. Ndiko msomaji anakokwenda."

"Kwa maneno mengine, mbele."

"Kwa maneno mengine, mbele."

Wajumbe wakapumua. Ndipo kanali mmoja wa usalama, aliyekuwa akizitazama kwa kugeuza kichwa, akauliza: "Je, haziwezi kuanguka? Maana sijawahi kuona kitu kilichoinama miaka ishirini na moja kisianguke."

Kumi waliobaki waligeukia glasi zao za maji. Kanali akaomba swali lake liondolewe kwenye kumbukumbu, nalo likaondolewa. Katika kikao kilichofuata alikuwa ameondolewa Kanali.

Waziri alifunga shughuli kwa hotuba ya saa mbili. "Mataifa mengine," alisema, "yana wimbo. Wimbo huisha, watu wakaketi. Mengine yana bendera. Bendera hufuata upepo. Sisi tumepata mwandiko! Nguzo hatachoka tena kuandika, na sisi hatutachoka tena kumsubiri." Watu walipiga makofi bila kulitafakari sana neno la mwisho.

Sudi alivishwa Nishani ya Mwinamo, daraja la tatu, ambayo kwa mujibu wa waraka wake ilimpa mwenye nayo haki ya kufika kwa Nguzo mara moja kwa mwaka kumwamkia. Hakuna mwenye nishani yoyote aliyewahi kuitumia haki hiyo. Watu hawakuwa wajinga.

*

Baada ya herufi ikafuata sheria. Sheria ya Mlazo ilisema kwamba herufi zilizoinama, za namna yoyote ile, ni sauti ya Nguzo, na anayezitumia bila idhini anajifanya Nguzo. Majina ya vitabu, ambayo wapiga chapa tangu zamani waliyalaza ndani ya maandishi, yakasimamishwa. Maneno ya kigeni nayo yakasimamishwa, na kwa kuwa sasa hayakuweza kutofautishwa na ya kienyeji, yakachukua uraia. Polisi walipewa vipimapembe. Seremala mmoja alipewa onyo kali kwa sababu upepo ulikuwa umekiinamisha kibao cha duka lake kwa nyuzi tisa, na alipokinyoosha aliulizwa ana maana gani kunyoosha.

Twalibu alikuja kumwona kaka yake Jumapili moja, amebeba kadi mkononi.

"Kaka, wateja wananikimbia. Bibi harusi jana kaitazama kadi yake ya herufi za wima, akaniuliza, hii ni harusi au naitwa mahakamani?"

"Mwambie ndiyo sheria."

"Nimemwambia. Kasema basi bora aolewe kwa simu." Twalibu akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. "Lakini mimi na wewe si tuna haki kidogo? Herufi zenyewe kazizaa kaka yangu. Ni wapwa zangu hizo."

"Watoto wa kaka hawawi wapwa. Chapa wima, Twalibu."

"Nitachapa wima, Kaka."

Hakuchapa wima. Katika droo ya duka lake kulikuwa na risasi za zamani, herufi za mlazo zilizonunuliwa na baba yao kabla nchi haijawa na Nguzo, na hazikufanana na mwandiko wa mtu yeyote aliye hai. Twalibu alidhani kwamba jambo hilo lina uzito. Akachapa kadi mia mbili na thelathini, na chini ya majina ya maharusi akaweka maneno ambayo kila mpiga chapa wa kadi huyaweka: "Nyote mnakaribishwa."

Alikamatwa Alhamisi. Hati ya mashtaka ilieleza kwamba kwa sauti isiyo yake aliwakaribisha wananchi wote mahali fulani. Wageni mia mbili na thelathini nao walihojiwa, kwa kuwa walikuwa wametii.

*

Siku ya tisa maofisa wawili walifika nyumbani kwa Twalibu na kumkabidhi mkewe, Mwatima, bahasha. Ndivyo ilivyokuwa desturi: familia ilipewa kimemo chenyewe ili ikitunze, na ilijaza fomu ya kushukuru. Mwatima alijaza fomu, akafunga mlango, akaja mbio hadi kwa shemeji yake.

"Shemeji, nisomee. Mimi nimesoma mara tatu, lakini nisomee wewe."

Kimemo kilikuwa cha wino wa kijani. Kilisema: "Huyu apelekwe Kisima haraka. Asihesabiwe."

Kisima lilikuwa gereza. Mtu aliweza kufungwa Kisima na akarudi, maana kila asubuhi wafungwa walihesabiwa, na sahani za chakula zilitolewa kwa hesabu. Aliyepelekwa bila kuhesabiwa hakuwa na sahani. Hakuna aliyeamuru kwamba mtu huyo asile. Wengine wakimmegea, aliweza kufika majuma matatu.

"Amekosa nini mume wangu?" Mwatima alisema. "Kadi, Shemeji! Si angechoma nyumba basi tujue moja?"

Sudi alikuwa anatazama karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika kazi ile aliliona neno kabla ya umbo lake, kisha akaliona umbo. Mlikuwa na a sita katika kimemo kile. Zote sita zilikuwa a moja. Mlikuwa na h mbili, na zote mbili zilikanyaga mstari kwa miguu yote miwili, imara, kwa kikanyagio kidogo chenye heshima.

Nguzo hakuwa ameandika kimemo hiki. Kilikuwa kimepigwa na mashine, kwa herufi zilizochorwa na Sudi Ngaluma.

*

Waziri Malangwa alimpokea vizuri, akamwagizia chai.

"Nimesikia ya mdogo wako. Pole. Nguzo amesikitika mno."

"Mheshimiwa, Nguzo hakukiandika kile kimemo."

Waziri alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. "Nani kakwambia?"

"Herufi. Zimepigwa kwa mashine. Ni zile zangu."

"Zako?"

"Zile nilizochora."

"Ngaluma, tuwe waangalifu." Akafungua mtoto wa meza, akatoa kiapo, akakigeuza upande wa mgeni. "Hii ni saini ya nani? Vizuri. Wewe umeapa kwamba herufi hizi ni mkono wa Nguzo. Kwa hiyo kila moja imeandikwa na Nguzo: a kaandika yeye, k kaandika yeye, zote. Sisi wizarani hatuandiki kitu. Hatuna ujuzi huo. Sisi huzipanga tu."

"Lakini mpangilio, Mheshimiwa..."

"Mpangilio ni kazi ya ofisi. Huwezi kumwomba Mkuu wa Nchi afanye kazi ya ofisi." Akasogeza sahani ya biskuti. "Au una jambo la kuniambia kuhusu kiapo? Labda kuna herufi ambayo si mkono wake? Maana hapo tutakuwa tumeongoza nchi mwaka wa pili huu kwa mkono wa mtu mwingine, na tutapenda kumjua mtu huyo."

Sudi aliufikiria mguu wa h. Akanywa chai, ikamwunguza, akashukuru, akatoka.

Njiani alihesabu. Siku mbili ambazo ofisi hutumia kukamilisha hati za kumpeleka mtu Kisima zilikuwa zimekwisha. Sasa Twalibu alikuwa anaishi kwa tonge za watu wengine.

*

Ndipo alipoikumbuka haki ya nishani. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, alifika langoni pa jumba la Nguzo akiwa amevaa suti aliyomzikia mkewe, nishani kifuani, na kalamu ya wino wa kijani mfukoni, maana kwa miaka miwili wino huo ulikuwa ukiuzwa kwa kibali na yeye alikuwa na kibali.

Karani wa mapokezi aliusoma waraka mara nyingi.

"Umekuja kumwamkia?"

"Ndiyo."

"Kumwamkia tu? Hakuna lingine?"

"Kumwamkia."

"Hakuna mtu anayefanya hivyo, mzee wangu."

"Naona hivyo."

Karani akatafuta fomu ya kumkatalia mgeni wa namna hiyo. Haikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyetarajia mgeni wa namna hiyo. Ilikuwapo fomu ya kumkubalia, iliyotungwa pamoja na nishani kwa ajili ya kukamilisha jalada. Karani alikuwa mtumishi mwaminifu na hakuweza kutenda jambo lisilo na fomu. Akaijaza ile aliyokuwa nayo, akamwandikisha Sudi katika daftari la wageni. Mgeni wa mwisho kuandikwa humo alikuwa na tarehe ya miezi kumi na tisa iliyopita: mganga wa meno.

Nguzo alikuwa ameketi barazani upande wa bustani, akimenya machungwa ambayo hakuyala. Alikuwa mzee mdogo kuliko picha zake. Mkono wake wa kulia ulitetemeka, na magotini alikuwa na gazeti la siku hiyo.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Nani wewe? Daktari?"

"Mimi ni Sudi Ngaluma. Nilichora herufi za mwandiko wako."

"Ahaa!" Mzee akamtazama kwa shauku. "Ndiwe wewe! Umenifanya nionekane mtu mwenye subira." Akapiga gazeti kwa kidole. "Hebu nieleze. Humu nimesema wavuvi wa ziwani wahamie mlimani. Nimeyasema lini hayo?"

"Sijui, Mtukufu."

"Na mimi sijui. Lakini nimeandika vizuri, siwezi kukataa. Nasoma mpaka nasadiki." Akashusha sauti. "Waliniambia wino wa kijani umekwisha nchini. Kuna ukame. Ni kweli kuna ukame?"

Sudi akatoa kalamu mfukoni. Mzee aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumba aliyozaliwa. Sudi akapiga magoti, akaeleza habari ya Twalibu tangu kadi hadi sahani, bila kupamba.

"Kwa kadi ya harusi?" Nguzo alisema. "Mimi nimefunga watu kwa mambo madogo, usinielewe vibaya. Nilimfunga mmoja kwa kupiga chafya. Lakini nilikuwa namjua. Nilikuwa nimemkasirikia. Huyu ndugu yako nani kamkasirikia?"

"Hakuna, Mtukufu."

"Hilo ndilo baya," mzee alisema, ganda la chungwa likining'inia kidoleni. Kisha akaandika, akiubana mkono wa kulia kwa wa kushoto: "Twalibu Ngaluma aachiwe leo. Kadi ya harusi si kosa."

Mlikuwa na a tisa, na kila moja ilikuwa na safari yake. Mguu wa h ulining'inia hewani. Sudi aliukausha wino kwa pumzi yake.

*

Mkuu wa gereza la Kisima, Afande Shekigenda, alikuwa ofisa mwenye adabu na aliyependa vifaa vya kisasa. Alikipokea kimemo kwa mikono miwili, akakilaza juu ya meza, akatoa kabatini karatasi angavu, yenye kuonyesha kilicho chini yake, iliyochapwa alfabeti yote ya Mlazo wa Nguzo. Ofisi zote za serikali zilikuwa zimegawiwa karatasi hiyo ili kuzuia vimemo vya kughushi. Herufi ya kimemo ilipaswa kulala sawasawa chini ya herufi ya karatasi.

Alisogeza karatasi hatua kwa hatua, akinong'ona kama anayesoma dua. Alipomaliza akaanza upya.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, "hakuna hata moja."

"Kikiandikwa kwa mkono, Afande, lazima herufi zitofautiane. Mkono wa binadamu..."

"Nani kazungumzia binadamu? Tazama hii a na hii a. Hawa si ndugu hata kwa mbali. Na hii h, jamani! Imevunjika mguu. Nguzo ataandika h iliyovunjika mguu?" Alisikitika kwa dhati. "Mimi nimekaa kazini miaka kumi na minane. Nimeona vimemo vya kughushi, lakini mtu alijitahidi. Hiki hata hakijitahidi."

"Mdogo wangu yu hai?"

"Hilo siwezi kujua. Hahesabiwi."

Akapiga simu. Sudi aliwekwa katika chumba chenye benchi na dirisha lililotazama ua. Katika ua ule wafungwa walikuwa wamekaa safu kwa safu, kila mtu na sahani, na mtu mmoja alikuwa amekaa pembeni bila sahani, mgongo wake umegeukia dirisha. Sudi alimtambua kwa masikio. Alimwita. Dirisha lilikuwa la kioo kinene.

*

Waziri Malangwa alifika saa tisa alasiri, amefuatana na mpiga chapa mwenye mashine ndogo ya kubebeka. Aliketi kwenye benchi karibu na Sudi, kama jamaa wawili wanaongoja basi. Mkononi alikuwa na kimemo cha kweli na daftari la wageni la jumba la Nguzo.

"Kabla hujafungua mdomo," alisema, "nakuomba jambo moja. Usiniambie nani kaandika hiki. Ukiniambia nitalazimika kujua, na mimi nina familia."

"Mheshimiwa, unajua."

"Naomba usiniambie." Akatoa karatasi iliyopigwa chapa tayari. "Nina swali la kitaalamu tu. Wewe ndiye mchoraji. Je, herufi za kimemo hiki ni zile ulizoziapia?"

Karatasi ilisema: "Mimi, Sudi Ngaluma, mtaalamu, nathibitisha kwamba herufi za kimemo hiki si zile nilizoapa kuwa ni mkono wa Nguzo."

Sudi aliisoma polepole. Alitafuta ndani yake uongo wa kuukataa, mahali pa kushika, na hakupapata. Kila neno lilikuwa la kweli. Hazikuwa zile. Aliyeandika kimemo hiki na aliyeapiwa walikuwa wameachana siku aliyochagua a moja tulivu.

"Nikisaini?"

"Mpiga chapa wangu atatengeneza kimemo kizuri, hapa hapa, na mdogo wako atatoka kwa mlango mkubwa. Afande atakipima, kitalala sawasawa."

"Na aliyeandika hiki?"

"Atakuwa mtu aliyeandika mlazo bila idhini," Waziri alisema. "Sheria haina jina la mtu ndani yake. Uliisoma mwenyewe."

Katika ua mlio wa filimbi ukasikika, na wafungwa wakasimama kurudisha sahani. Yule mtu wa pembeni naye alijaribu kusimama. Alishika ukuta, akasimama nusu, akaketi.

Sudi akaomba kalamu.

*

Twalibu alilala siku nne nyumbani akinyweshwa uji kwa kijiko. Siku ya tano aliweza kuketi, na Mwatima akamwegemeza kwa mito, na Sudi akaja na maziwa. Mgonjwa alikuwa amepungua hivi kwamba tabasamu lake halikuwa na mahali pa kukaa.

"Kaka, wamenionyesha kimemo changu," alisema. "Kizuri! Nimechapa kadi miaka kumi, sijapata kuona kazi safi kama ile. Mungu ampe Nguzo umri."

"Pumzika," Sudi alisema.

"Nimepumzika sana kule. Mwatima, nilikwambia kisa cha langoni? Nilipokuwa natoka jioni ile nilipishana na mzee mmoja anaingizwa. Mzee mdogo, mkono unatetemeka, mwenzangu kavaa kandambili za bafuni. Anawaambia askari jina lake. Askari wamecheka, Mwatima! Mmoja kakaa chini kabisa, kashika mbavu. Na Afande Shekigenda naye, ambaye hacheki, akamwambia, mzee, haya andika basi tuone. Akaandika. Wakaweka ile karatasi yao juu yake."

"Ikawaje?" Mwatima aliuliza.

"Haikulala hata herufi moja. Wakampitisha."

"Alisema anaitwa nani?"

Twalibu alifungua kinywa. Alimtazama mkewe, kisha akamtazama kaka yake, ambaye alikuwa anakoroga maziwa yasiyo na sukari, na kitu fulani alichojifunza Kisima kikampita usoni.

"Nimesahau," alisema.

"Wamempa sahani?" Sudi aliuliza, bila kuinua macho.

"Nani, Kaka?" alisema Twalibu. "Sikuona mtu."